Kufuli la Friji

Mama Murielle wa chumba cha mbele anasema Mzee Nicodemus alilia kwenye maonyesho ya picha kule Braamfontein, katikati ya Johannesburg, mpaka watu wakaacha mvinyo wao. Muongo yule. Mimi ndiye niliyemsindikiza, na mzee hakutoa chozi.

Alisimama mbele ya picha mbili. Ya kwanza ni ya zamani: vijana weupe kwa weusi, nywele timtim, wanachoma milango uani kwenye nyumba hii tunayopanga mtaa wa Bertrams. Mzee ndiye aliyewaambia waing'oe, kwamba watu wanaopendana hawafungiani.

Ya pili aliipiga mwaka huu dada mmoja aliyekuja nyumbani na kamera. Friji la mzee, mnyororo, kufuli, sisi wapangaji tusimlie chakula. Na ufunguo unaning'inia shingoni mwake, juu ya singlendi.

"Eish, baba, umetoka vizuri," nilimwambia, nimpunguzie aibu.

"Ulijua ataiweka hii?"

Sikujua. Tulidhani yule dada anapiga picha za sura zetu tu.

Nyuma yetu mtu alicheka, kidogo tu. Mzee akauvua ule ufunguo. Kamba yake ilikuwa ya kiatu, imekuwa nyeusi kwa jasho. Akamwendea yule dada mpiga picha, akamwekea ufunguo kiganjani, akamkunja vidole, kimoja baada ya kingine.

"Binti yangu," akamwambia kwa Kiingereza chake cha pole, "friji nitaliacha wazi. Wewe niondolee hiyo picha ukutani."

Yule dada alifungua kiganja, akautazama ufunguo. Mkono wake wa pili ulikuwa tayari unatafuta kamera.