Barua ya Arobaini

Siku hizi kuna kalamu zinazommalizia mtu maneno yake, zikaandika zenyewe. Mimi niliishia darasa la tatu, basi kalamu yangu naipenda mno, naifuta kwa upindo wa kanga kila asubuhi.

Shemeji alipofariki, nilimwandikia dada Mwanaidi, "Pole dada," mkono ukachoka, nikaiachia kalamu imalizie.

Jana kwenye arobaini aliwasomea watu barua ile, akalia. "Mdogo wangu, kumbe unakumbuka alivyokuwa akinimenyea machungwa?"

Sikumbuki. Hata barua yenyewe sikuisoma. Niliinama, nikasema, "Nakumbuka, dada."

Leo nimekaa nimwandikie ukweli. Nimeigusisha tu kalamu kwenye karatasi, nayo ikaandika: "Dada, yale machungwa hata harufu yake naikumbuka."

Nimeisoma mara mbili, nikaitia kwenye bahasha.