Kiberiti cha Nyuma ya Tangi

"Nani mwenye hiki?"

Mwenyekiti alikiinua kiberiti cha gesi kama refa anayetoa kadi nyekundu. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kupinga sigara mtaani. Cheo chenyewe hakikuwa na ofisi, lakini kilikuwa na mhuri, na mhuri alitembea nao mfukoni. Kiberiti alikuwa amekikuta nyuma ya tangi la maji, pamoja na kopo la gesi ya kujazia.

Walikuwa jikoni. Mkewe alikuwa anakoroga mboga. Mama yake mzazi alikuwa dirishani anachambua mchele, anatafuna karafuu kama kawaida yake. Shemeji, kaka wa mke, aliyehamia pale baada ya kiwanda chao kufungwa, aliweka kikombe mezani.

"Usinitazame mimi, shemeji," alisema. "Mimi hata moshi wa jiko unanikohoza."

"Basi kitakuwa cha paka! Leo kuna mtu anafunga mizigo."

"Kaka yangu haendi popote," alisema mkewe, mwiko ukiwa hewani.

"Hicho kimekufa siku nyingi," shemeji akajaribu. "Labda mtu alikitupa tu."

Mwenyekiti akakibofya. Cheche ikatoka, gesi ikafyonya, moto hakuna. Akabofya mara sita, mishipa ya shingo ikimtuna. Lazima kiwake, shemeji akose la kusema. Akashika kopo.

"Zima jiko kwanza, mwanangu," alisema Mama bila kuinua macho.

"Mama, haya mambo ya kitaalamu niachie mimi."

Aliyezima jiko ni mkewe. Akafungua na mlango wa uani.

Mwenyekiti alikisimamisha kiberiti na kukisokomezea kopo kwa chini. Gesi ikamrukia vidoleni, baridi kama barafu, naye akaruka hatua mbili nyuma.

"Toa ya zamani kwanza," alisema Mama. "Nje huko. Bonyeza vali, hicho kitundu cha chini, kwa bisibisi ndogo mpaka inyamaze. Halafu kigeuze kichwa chini, kopo liwe juu."

Akatoka akinung'unika kwamba hivyo ndivyo alivyokuwa amekusudia. Safari hii gesi iliingia.

"Sasa kiache kitulie dakika tano," Mama alisema kutoka dirishani. "Na hicho kigurudumu cha kuongeza moto kirudishe chini."

"Dakika tano ni za waoga," alisema Mwenyekiti, akabofya.

Mwali ulimpanda hadi kwenye paji la uso. Ulipozimika, nyusi yake moja ilikuwa imekwenda zake, na uani kulinuka kuku aliyebabuliwa. Shemeji ndiye aliyemkimbilia na kitambaa kibichi.

"Mmeona?" Mwenyekiti alifoka akiwa chini ya kitambaa. "Kinawaka! Kina mwenyewe! Nyumba yangu haikai mvutaji!"

Shemeji aliingia chumbani, akatoka na begi ambalo hata zipu yake ilikuwa haijafungwa vizuri. Dada yake akamshika mkono, machozi yakimlengalenga.

Mama akaweka ungo chini. Akatoka nje, akakiokota kiberiti, akakipangusa kwenye sketi na kuzungusha kigurudumu kwa ncha ya ukucha. Kisha akakaa kwenye ngazi, akangoja dakika zake tano.

Zilipotimia, alichomoa sigara ndani ya soksi na kuiwasha kwa mbofyo mmoja.

"Rudisha begi ndani, mwanangu," alimwambia shemeji.

Akapuliza moshi taratibu, akamgeukia mwanawe.

"Na wewe, 'nyumba yangu' hiyo uliijenga lini? Hati ina jina langu."