Ukimya wa Mlinzi

Nguchiro hawali bila mlinzi. Wengine wakichimbua mende, mmoja hupanda juu ya kichuguu na kulia "chwii, chwii" bila kukoma, nao hula kwa raha maadamu wanamsikia.

Mkubwa wao, Machale, alikuwa hamwamini hata mkewe. Siku moja alimwita mlinzi, Kidoti.

"Kelele zote hizi unampigia nani? Mbona kama unamwelekeza mwewe tulipo?"

"Baba, nawaambia wenzangu kwamba nipo na ninaona."

"Nani asiyejua kwamba upo? Kuanzia leo funga mdomo. Ukimwona mwewe, ndipo ulie."

Kidoti akatii. Asubuhi hiyohiyo mwewe alitokea upande wa jua, akamnyakua kabla hajafumbua mdomo.

Huku chini wenzake waliendelea kula. Machale alitega sikio, asisikie kitu, akatabasamu.

"Mnaona? Kimya kabisa. Leo tuko salama."

Jana tu, kilio kile kingekatika, wote wangekuwa wameshaingia mashimoni. Sasa kivuli cha mwewe kikarudi, na hakuna aliyeinua kichwa.