Siku ya Kutoka Eda

Siku Mwanakheri alipotoka eda, wifi yake Mwanamkuu alimwogesha, akamvisha kanga mpya na kumfukiza udi. Walipotokea sebuleni walimkuta fundi wa maabara, amekuja kukizima kisanduku cha marehemu.

Tanga nzima kila mtu ana kisanduku chake. Ndani mna sifongo iliyooteshwa uboho wa mifupa yake mwenyewe, na dawa yoyote hujaribiwa humo kabla hajaimeza. Cha marehemu Shekue kilikaa juu ya friji, na mkewe Mwanakheri alikuwa akikilisha kila asubuhi hata baada ya maziko.

Fundi alichungulia kwenye kioo cha kisanduku, akatabasamu. "Mama, hiki sikizimi. Seli shina, hizi zinazozaa damu, zimelala vizuri na zinaamka kwa zamu. Uboho wa namna hii ni adimu, utatufaa kupimia dawa za watu wengine. Wewe endelea kuulisha tu."

"Kwa hiyo damu yake bado inatengenezwa?" Mwanakheri aliuliza.

"Mpya, kila siku. Huu utatuzika sote."

Mwanamkuu alikipapasa kisanduku huku machozi ya furaha yakimlenga. "Umesikia, wifi? Kaka yangu yupo!"

Walipoondoka wote wawili, Mwanakheri alifungua madirisha ili harufu ya udi itoke. Kisha akaivua kanga mpya, akaikunja taratibu, akaitafuta ile nguo nyeupe ya eda na kujifunga tena.