Mstari wa Chaki

"Shoga, lini uliona rufani ya maskini ikashinda?" jirani alimuuliza Bi Mwanaheri siku moja. Leo hukumu ya rufani ya mwanawe mfungwa ingesomwa, naye alisimama ofisini kwa karani, mbele ya ubao wa hesabu za mwaka. Rufani zilizokubaliwa zilikuwa chache. Zilizotupwa zilijaa hadi chini.

Karani akachora mstari mwingine kwenye zilizotupwa.

"Huo wa nani, baba?"

"Wa mwanao, mama. Nawahisha kazi tu; nyingi huishia huku."

"Majaji wamekwisha kusoma?"

"Bado."

"Basi na Mungu hajasema."

Akaufuta mstari ule kwa pindo la kanga, akatoka kwenda kuisikiliza hukumu, chaki ingali kangani.