Ukucha kwenye Shina

Vichaka vilikuwa vimezama bwawani miezi minane. Sasa maji yameshuka, navyo vimesimama ufukweni vikavu kama kuni. Mtaalamu wa mimea alikwangua ncha za matawi kwa ukucha kutafuta ubichi chini ya ganda, kama ilivyo desturi ya kazi, akajaza fomu: vimekufa vyote.

"Dada, weka saini nifyeke," dereva wa tingatinga alisema. "Au unavisubiri vikusalimie?"

Mtaalamu akacheka, akapiga goti ili aandikie pajani. Akashika shina chini kabisa asiteleze topeni, na ganda likambandukia mkononi.

Ndani mlikuwa na kijani kibichi, chenye majimaji.

Akakwangua shina la pili, la tatu. Akainua macho: ufukwe mzima, maelfu.

"Zima injini, kaka," alinong'ona, kama mtu aliyeingia chumba chenye waliolala.