Mumiani wa Isevya

Adriano aliingia kuikagua nyumba akiwa na kitunguu saumu ndani ya mfuko wa shati. Alikuwa mfanyabiashara wa mpunga kutoka Puge, mtu mzima na kitambi chake, lakini kila alipofika kwenye mlango wa chumba aliupapasa kwanza ule mfuko.

Najiat alimwona kupitia upenyo wa pazia. Alikuwa ndani ya eda, amejifunga nguo nyeupe, hatoki nje wala hakai na wanaume wasio maharimu wake. Udongo wa kaburi la mumewe, Shomari fundi milango, ulikuwa bado haujakaa sawasawa, na tayari Awadhi, mdogo wa marehemu, alikuwa anapitisha wanunuzi.

"Shemeji," Awadhi alisema kutoka upande wa pili wa pazia, "eda ikiisha utarudi kwenu. Hamkujaliwa mtoto. Nyumba ni ya ndugu."

"Matofali ya nyumba hii nilifyatua mimi na yeye. Nitatoka hapa kwa jeneza, Shemeji, si kwa miguu."

Adriano akakohoa. "Mama, samahani. Ni kweli haya yanayosemwa? Kwamba marehemu alikuwa mumiani?"

Neno lile lilimchoma Najiat kama siku ya kwanza alipolisikia. Lilianza mara tu baada ya matanga, pale kwenye bomba la maji, likaenda sokoni, likarudi limenenepa. Shomari alikuwa akinyonya watu damu na kuiuza. Lile pipa jekundu la karakanani kwake halikuwa na vanishi bali damu. Wazee wakakumbushana kwamba Isevya iko kwenye njia ya misafara, na kwamba wako wapagazi waliolala hapa na mizigo yao na asubuhi ikaonekana mizigo tu. Vijana wenye simu wakaongeza habari za Ulaya: wanyonya damu wa huko hulala kwenye majeneza, na huogopa jua na vitunguu saumu.

"Mume wangu?" Sauti ya Najiat ilifika barabarani. "Shomari kala vitunguu saumu kila siku ya pilau! Kapiga randa juani mchana kutwa! Mnyonya damu gani huyo?"

Nje, watu walikuwa wamekusanyika kwenye karai la vitumbua la jirani yake, Shamila.

"Mmesikia?" mmoja akasema. "Jua haogopi, kitunguu anakula. Bora yule wa Ulaya!"

Adriano alikitoa kitunguu chake, akakitazama, akakirudisha mfukoni bila matumaini.

"Basi tufungue karakana," Awadhi alisema. "Watu waone kuwa ni rangi tu, yaishe."

"Haifunguliwi." Ufunguo ulikuwa kwenye pindo la nguo ya Najiat, ameufunga fundo. "Vyombo vya marehemu havipekuliwi na mimi niko edani. Anayetaka kuona damu avunje mlango, watu wote wanamwona."

Hakuna aliyeusogelea ule mlango. Adriano alikumbuka ghafla kwamba pikipiki yake ameiacha juani, akaaga, na hakuonekana tena.

Kila alasiri Shamila alileta uji, kama alivyomletea Shomari siku zake za mwisho kitandani. Pamoja na uji alileta habari, mlango ukiwa wazi.

"Leo wanasema pipa linajigonga lenyewe, dada."

"Waambie waongo hao!"

"Nawaambia. Nikiwaambia ndiyo wanazidi."

Najiat aligeukia ukutani akalia. Katika uhai wake Shomari hakuwahi kuitwa hata mwizi wa msumari. Sasa watoto wakipita mlangoni kwake walikimbia.

Maneno yakavuka mtaa. Yakafika Cheyo, kwenye duka la Awadhi, na huko yakaota mkia: anayerithi nyumba ya mumiani hurithi na kazi yake. Wateja wakahamia duka la ng'ambo ya barabara. Mhuni mmoja akawa akipita anamwamkia, "Shikamoo, mumiani mdogo!" Mwisho mama mkwe wa Awadhi akaja na kuwachukua wajukuu, akisema wanakwenda kupumzika, ingawa shule zilikuwa hazijafungwa.

Ijumaa baada ya swala Awadhi alikuja Isevya na mjumbe wa nyumba kumi na watu wawili wa msikitini. Wenzake walipanda barazani. Yeye alibaki barabarani.

"Nyinyi ni mashahidi," alisema kwa sauti. "Haki yangu yote katika nyumba hii nimemwachia mjane. Sitaki hata tofali."

"Umefikiri, mwanangu?" mjumbe aliuliza. "Neno hilo ukilisema mbele yetu halirudi."

"Lisirudi. Abaki nayo, na hiyo damu yao."

"Usimtukane kaka yako mbele yangu!" Najiat alipaza sauti nyuma ya pazia. "Mtu safi yule! Rudi umwombe radhi!"

Awadhi alikuwa ameshafika kona, anatembea kama mtu anayefukuzwa na nyuki.

Mashahidi walimpa mjane pole, wakatawanyika. Shamila aliingia, akafunga mlango, akakaa mkekani huku akijipangusa unga mikononi. Alisubiri mpaka nyayo za mwisho zikapotea, kisha akanong'ona.

"Dada, niendelee kuyasema ya mumiani kule bombani, au imetosha?"

"Imetosha," Najiat alijibu, akifuta machozi. "Shomari alituusia kwamba Awadhi akishaiachia tu nyumba, ndipo tuanze kumsafisha jina."